Kosa la Kuzunguka Nyuma

Sikilizeni kisa cha nchi moja ambayo jina lake silitaji, si kwa woga, jamani, ila kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali na mwenye muhuri yuko likizo. Itoshe kusema ni nchi nzuri sana ukiitazama kwa mbele. Barabara zake zina lami mahali ambapo msafara hupita, majengo yake yamepakwa rangi upande unaoelekea barabarani, na watu wake hutabasamu wanapoangaliwa. Ndiyo maana sheria ya nchi ile haitambui nyuma. Jengo lina mbele, kiongozi ana mbele, na taifa zima lina mbele tu. Raia anayekwenda kuchungulia upande wa pili anatenda kosa liitwalo kuzunguka nyuma ya maendeleo, na adhabu yake hudumu mpaka atakapotulia.

Bi. Tausi Mbaruku alikuwa amezunguka maisha yake yote. Alikuwa mpiga picha. Wenzake walipobanana mbele ya utepe kusubiri mkasi wa kiongozi, yeye alijipitisha uchochoroni na kamera yake, akaenda kupiga kilichokuwa kikiendelea upande wa pili. Hakuwa mtu wa makelele wala matusi, alikuwa mkaidi wa kimyakimya. Picha zake zilipotoka gazetini, wakubwa walishinda na matumbo joto. Wako waliosema ni mwanamke wa shoka, na wako waliosema hana haya, anaufunua mgongo wa taifa mchana kweupe. Mahakama ilisema picha zile ni za uongo kwa kuwa zinaonyesha upande usiokuwepo, ikampeleka Nyumba ya Utulivu. Wenye roho mbaya hupaita gerezani.

Mumewe, Mzee Shebe, ndiye aliyekuwa akisafisha zile picha katika chumba cha giza nyumbani kwao. Siku hizi macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hata kikombe alikipata kwa kupapasa. Kila wiki alibeba kikapu cha chakula mpaka kwenye lango la Nyumba ya Utulivu, akakikabidhi, akarudi kula peke yake. Naye Bi. Tausi, kwa umri aliofikia, alikuwa na haja moja tu iliyobaki duniani: arudi nyumbani, akae na yule mzee kabla macho yake hayajazimika kabisa.

Sasa ikatokea nchi ikawa inajiandaa kwa Sikukuu ya Kusonga Mbele, na wageni wakaalikwa kutoka ng'ambo. Mmoja wao, mtu mpole asiyejua anachochokoza, akauliza: hivi, kazi za yule mpiga picha wenu aliyezusha zogo, bado zina maana siku hizi? Swali dogo tu. Lakini serikali haikupata usingizi. Ukijibu kwamba bado zina maana, umekiri kuwa hospitali hazina vitanda mpaka leo. Ukijibu kwamba hazina maana tena, umekiri kuwa zamani zilikuwa nayo. Katika nchi ile, swali lisilojibika huundiwa baraza. Basi likaundwa Baraza la Kupima Uhai wa Picha, likapewa magari, chai na mwenyekiti.

*

Mwenyekiti alikuwa Dakta Mshamu Lugongo, msomi aliyepata udaktari wake kwa kuzichambua hotuba za Mlezi Mkuu, yaani kiongozi wa nchi. Alifika Nyumba ya Utulivu na wajumbe wake, wote wamevaa nyeusi, wakaketi mbele ya Bi. Tausi kwa huzuni kubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Tumekuja kukupa pole mapema."

Bi. Tausi akamfikiria mzee wake. "Nani amekufa?"

"Hajafa bado mtu. Ni picha zako, mama. Tunatarajia zitakufa zote tatu."

Akaeleza taratibu kwa sauti ya kutangaza msiba. Baraza litachukua zile picha tatu zilizomtia hatiani na kuzipeleka pale pale zilipopigwa. Kama kilichomo pichani hakipo tena, picha imekufa, na picha iliyokufa ni urithi wa taifa: itatundikwa makumbusho wageni waione, na mwenyewe atakwenda nyumbani. Kama bado kipo, picha iko hai, na picha iliyo hai ni uchochezi. Hapo filamu zote zitachomwa, na mwenyewe atabaki kutulia zaidi.

"Na nani anayesema imekufa?" akauliza Bi. Tausi.

"Wewe mwenyewe, mama. Serikali haiwezi kumsemea mfiwa. Utatamka mbele ya Baraza: Picha yangu imekufa, na sina kinyongo. Halafu tutakaa matanga kidogo, kwa heshima."

"Na mume wangu?"

"Mzee tutakwenda naye kila mahali. Msibani hawakosekani ndugu."

Bi. Tausi aliinamisha kichwa. Miaka yote ile alikuwa akijiambia kwamba wakimwomba akanushe picha zake atawatemea mate. Hawa hawakumwomba akanushe chochote. Walimwomba azike, tena kwa adabu, na mwisho wa kuzika ni kurudi nyumbani. Alijikuta anaogopa kuliko siku aliyokamatwa.

*

Picha ya kwanza ilipigwa Hospitali ya Kusini, siku ya uzinduzi. Mbele, Mlezi Mkuu anakata utepe, lakini hilo halionekani. Kinachoonekana ni mlango wa nyuma, na wanaume wanapakia vitanda kwenye lori hata makofi hayajaisha. Katikati yao kuna kitanda cha chuma ambacho mguu wake ulivunjika, ukaungwa kwa mwiko wa kusongea ugali na kufungwa kipande cha kanga. Picha ya pili ilipigwa baadaye Hospitali ya Kaskazini, safari ndefu kutoka kule, nayo siku ya uzinduzi. Kitanda ni kilekile na mwiko ni uleule. Kwa picha hizo mbili watu walijua kwamba nchi nzima ina vitanda vya hospitali moja, na kwamba vitanda hivyo husafiri kuliko mawaziri.

Baraza liliingia Hospitali ya Kusini kwa lango la mbele, kama sheria inavyotaka. Wodi ilikuwa imejaa vitanda, kila kitanda kina mgonjwa, na kila mgonjwa amechana nywele. Mganga Mkuu alisoma risala.

"Waheshimiwa wajumbe, napenda kuwathibitishia kwamba tangu asubuhi ya leo hospitali hii haijawahi kupungukiwa kitanda hata kimoja."

Makofi yakapigwa. Bi. Tausi alipita polepole kati ya vitanda, Mzee Shebe amemshika kiwiko. Karibu na dirisha akasimama. Aliuona mwiko. Kanga ilikuwa imebaki nyuzi tu, na mti umegeuka rangi, lakini ni ule ule. Juu ya kitanda alilala jamaa mmoja mwenye mwili wa mchukuzi wa magunia, amefungwa bandeji kichwani, anakohoa kwa bidii.

"Unaumwa nini, mwanangu?"

"Mguu, mama," akajibu yule jamaa, akakohoa tena. Jina lake lilikuwa Kibwana.

"Unaona nini?" Mzee Shebe akanong'ona.

"Naona mwiko."

Mzee aliujua ule mwiko, maana ndiye aliyeuona ukijitokeza kwenye karatasi ndani ya maji, siku ile, naye akacheka mpaka akamwaga dawa. Leo hakucheka. Alimvuta mkewe karibu.

"Bibie, nakuomba. Nimechoka kula peke yangu."

Dakta Mshamu alikuwa amekwisha vaa miwani yake ya kusikilizia. Wajumbe walisimama wima. Maneno yalimkwama Bi. Tausi kooni kama mwiba wa samaki, akayasukuma hivyo hivyo.

"Picha yangu imekufa, na sina kinyongo."

"Baraza limepokea," akasema Dakta Mshamu.

Mkeka ukatandikwa pale pale wodini, kahawa chungu ikamiminwa. Wajumbe walipita mmoja mmoja kumshika mkono. Pole sana, mama. Jipe moyo. Ilikuwa picha nzuri, imetangulia tu. Mjumbe mmoja alilia machozi ya kweli, ingawa nasikia machozi yalikuwemo kwenye posho. Wagonjwa nao waliteremka vitandani wakanywa kahawa, kisha mtu akawapigia mluzi kutoka mlango wa nyuma, wakaondoka wote kwa haraka. Bi. Tausi alibaki ameshika kikombe. Aliona aibu, nayo haikuwa aibu ya kusingiziwa, ilikuwa yake.

*

Kosa lililofuata lilikuwa la Dakta Mshamu, na lilitokana na sifa yake njema ya kuwahi. Utaratibu wa kitaifa ni kwamba lori litangulie, na waheshimiwa wakawizwe kwa chakula. Yeye akakataa kupakuliwa mara ya pili, akaamuru msafara uondoke. Hata jua halijapinda, gari la Baraza likajikuta kwenye barabara nyembamba ya milimani, nyuma ya lori kubwa lililokuwa likipanda kwa kuhema. Hakukuwa na pa kulipita. Turubai lilikuwa fupi, miguu ya vitanda imechomoza nje, na mguu mmoja ulikuwa wa mti.

Ndani ya gari kila mtu alijitia hamnazo. Lakini lori lilikuwa limejaa kioo kizima cha mbele, na mlima ulikuwa mrefu. Dakta Mshamu alianza kutokwa jasho.

"Wajumbe," akasema mwishowe, "mnaona nini huko mbele?"

"Barabara, mheshimiwa."

"Na maendeleo kwa mbali."

"Wewe dereva?"

"Mimi natazama usukani tu, mheshimiwa."

Kisha mwenyekiti akageuka nyuma taratibu. "Nawe, mama?"

Mzee Shebe akambana mkewe goti. Bi. Tausi alijua kabisa anachotakiwa kusema. Alijua pia kwamba picha yake ya pili ilikuwa mbele yake, inatikisika, inatoa moshi.

"Mimi macho yangu yamezoea nyuma ya vitu, mheshimiwa," akasema. "Na sasa hivi tuko nyuma."

Sijui Dakta angejibu nini, kwa sababu lori liliingia shimoni, turubai likafunguka, na kitanda kimoja kikateleza kikaanguka barabarani. Dereva alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Vumbi lilipotulia, Kibwana akaketi juu ya kile kitanda, maana alikuwa amelala, akajifuta uso kwa bandeji yake, akawatambua watu wa garini.

"Shikamooni, waheshimiwa," akasema kwa heshima zote. "Samahani, sasa hivi tunaugulia hospitali gani?"

Lori lilikuwa limekwisha pinda kona. Dakta Mshamu akateremka garini.

"Ndugu, wewe ni nani?"

Kibwana hakuwa mjinga. Aliyatazama magari meusi, akamtazama askari aliyekaa mbele. "Mimi ni mpita njia, mheshimiwa."

"Na kitanda hicho?"

"Natembea nacho. Huwa nachoka."

"Baraza limeridhika," akasema Dakta, akarudi garini akafunga mlango.

Hapo ndipo Bi. Tausi alipocheka. Hakukusudia. Kicheko kilitoka tumboni alikokuwa amekifungia miaka yote ile ya kutulia, kikajaa gari zima, hata dereva mabega yakaanza kumcheza. Dakta Mshamu hakucheka.

"Mama, msibani hakuchekwi. Nakuonya kwa mapenzi. Ukicheka tena nitahesabu kwamba picha imepumua."

Kicheko kikakatika. Mzee Shebe alikuwa ameshika kikapu chake kitupu kwa mikono miwili.

*

Hospitali ya Kaskazini ilikuwa na vitanda vyote isipokuwa kimoja. Karibu na dirisha palikuwa na nafasi tupu, imefagiliwa. Dakta Mshamu aliinua picha, akaitazama, akaitazama ile nafasi, uso ukamng'aa.

"Waheshimiwa, kitanda chenye mwiko, ambacho ndicho roho ya picha hii, hakimo. Nasema hakimo. Mama, tamka."

Bi. Tausi akajipa moyo. Safari hii walau kitanda hakikuwepo kweli. Akavuta pumzi. "Picha yangu..."

Mlango wa mbele ukasukumwa. Kibwana aliingia amekibeba kitanda kichwani, analowa jasho, mtu aliyekimbia mlima mzima ili asikose kazi. Mwiko ulikuwa unaning'inia usawa wa sikio lake. Wajumbe wote waligeuka kwa pamoja kutazama ukutani, ambako kulikuwa na picha ya Mlezi Mkuu, wakaanza kuisifu fremu yake. Kibwana alikishusha kitanda kwenye nafasi yake, akapanda, akajifunika shuka mpaka kidevuni, akakohoa.

"Maliza, Bibie," Mzee Shebe akasema kwa sauti ndogo. Hakuona kitu, ila alisikia mlango na alisikia kikohozi. "Tafadhali, maliza."

"...imekufa, na sina kinyongo."

"Baraza limepokea," ukuta ukajibu.

Jioni, kabla ya kurudishwa Nyumba ya Utulivu, waliruhusiwa kuketi kidogo kwenye ngazi za hospitali. Bi. Tausi alikuwa akilia bila kujificha.

"Nimezika wanangu wawili wazima wazima, Shebe."

"Najua."

"Walikuwa wananitazama."

"Najua, mke wangu. Amebaki mmoja tu."

"Huyo ndiye mwenye kichwa kigumu."

*

Picha ya tatu ndiyo iliyompeleka ndani hasa. Mlezi Mkuu yuko jukwaani anahutubia umma. Umma haupo pichani. Picha imepigwa kwa nyuma. Koti lake limebanwa mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo ili likae vizuri mbele, na mkono wa mtu asiyeonekana umeushika mkanda wake wa suruali, umemshikilia asianguke. Ni hilo tu. Lakini nchi nzima ilipouona ule mkono, watu walikaa kimya siku nzima, na wakubwa wanaogopa ukimya kuliko kelele.

Kuipima picha hii kulilitia Baraza kiwewe. Mgongo wa Mlezi Mkuu hautazamwi na mtu. Mjumbe mmoja alipendekeza aombwe ageuke kidogo. Mjumbe huyo sasa anahesabu twiga mpakani. Mwishowe Dakta Mshamu akagundua jambo la kisheria: yuko mtu mmoja tu ambaye amekwisha adhibiwa kwa kuzunguka, na mtu haadhibiwi mara mbili kwa kosa moja. Siku ya Sikukuu, Bi. Tausi ataletwa nyuma ya jukwaa na mfiwa mwenzake, yaani mumewe. Atapewa kamera yake mwenyewe na filamu moja, apige picha ya kulinganisha. Mkono ukiwepo, amekwisha. Usipokuwepo, atamke hapo hapo aende zake.

"Nawe utakuwa wapi, mheshimiwa, wa kupokea?" akauliza.

"Usijali, mama. Nitakuwa karibu sana."

Siku ikafika. Uwanja ulifurika, wageni wa ng'ambo wakakalishwa kwenye viti vyenye mito, bendi ikapiga. Askari walijipanga safu kwa safu mbele ya jukwaa. Nyuma hakukuwa na hata mmoja, kwa kuwa sheria haitambui nyuma. Bi. Tausi na Mzee Shebe walisindikizwa mpaka kwenye kona ya pazia, msindikizaji akafumba macho, wakazunguka.

Bi. Tausi alisimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Mlezi Mkuu alikuwa pale, amezeeka, vibanio vimeongezeka. Mkono ulikuwa pale, umeushika mkanda. Na mwenye mkono, akiwa amejibanza nyuma ya mimbari, alikuwa Dakta Mshamu Lugongo. Lakini hata Dakta hakuwa amesimama kwa nguvu zake. Mkanda wake ulikuwa umeshikwa na waziri. Waziri alishikwa na jenerali. Jenerali alishikwa na jaji aliyemhukumu Bi. Tausi. Safu ilishuka ngazi za jukwaa, mtu na mkanda, mtu na mkanda, wote wameinama mbele na kusukumiana uzito, mpaka kwa ofisa mnene wa mwisho, ambaye hakushikwa na mtu. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, vidole vya miguu vimeng'ang'ania ardhi.

"Mzee wangu, shikamoo," akanong'ona yule ofisa alipomwona Mzee Shebe. "Nishike mkanda hapa nyuma kidogo. Mwenzangu aliaga anakwenda haja, hajarudi."

"Marahaba," akasema Mzee Shebe, na kwa kuwa alilelewa kutomnyima mtu msaada, akapapasa, akaupata mkanda, akaushika. Safu nzima ikashusha pumzi. Kule mbele sauti ya Mlezi Mkuu ikapata nguvu.

"Wanasema nashikwa. Nani ananishika? Nimesimama kwa miguu yangu, na kwa mapenzi ya wananchi."

Umma ulilipuka kwa makofi. Dakta Mshamu, bila kugeuza kichwa, alisema kwa pembe ya mdomo, "Mama, tamka. Fanya haraka, mkono unaniuma."

"Shebe," Bi. Tausi akasema polepole, "unajua umeshika nini?"

"Mgonjwa, maskini. Anatetemeka."

"Huyo amemshika mwenziwe, na mwenziwe amemshika mwenziwe, mpaka kule juu kabisa. Wewe ndiye wa mwisho."

Vidole vya mzee vilikaza. "Na nikimwachia?"

"Wataanguka."

"Wote?"

"Wote, mpaka yeye."

"Mama," sauti ya Dakta ikaja tena, kali sasa, "tamka, uende nyumbani na mumeo. Sentensi moja."

Bi. Tausi akafungua mdomo. Aliiona nyumba yao, aliliona kasha alilozoea kulikalia, aliuona mlango wa chumba cha giza. Alitaka kwenda nyumbani mpaka kifua kinamuuma. Sauti haikutoka. Akajaribu tena, haikutoka.

"Siwezi," akamwambia mumewe, na machozi yakamshuka. "Nisamehe. Zile mbili niliweza, hii siwezi. Iko hai, Shebe. Tena imezaa."

Mzee Shebe alisimama vile vile, ameushika mkanda wa mtu asiyemjua, ameegemewa na nchi nzima. Kisha akauliza, kwa sauti ile ya zamani ya kazini, "Filamu umeweka?"

"Nimeweka."

"Jua liko wapi?"

"Mgongoni kwangu. Linawamulika wote."

"Basi piga kwanza."

Akapiga. Kamera ililia kidogo tu.

"Umepata?"

"Nimepata, nawe umo."

"Vizuri. Kama ile ya zamani bado iko hai," akasema Mzee Shebe, "acha tuiue kweli." Akafungua vidole.

Ofisa mnene alimwangukia jaji, jaji akamwangukia jenerali, na jenerali, ambaye hakuwahi kushindwa vita yoyote aliyotangaza mwenyewe, akamlalia waziri. Mimbari ikaenda, kipaza sauti kikapiga yowe, na Mlezi Mkuu akatangulia mbele ya wote kama alivyozoea, kifudifudi, vibanio vikiruka huku na huku. Umma ulidhani imo kwenye ratiba, ukapiga makofi. Wageni wa ng'ambo waliinuka, wakauliza ngoma ile inaitwaje.

Bi. Tausi alipanda ngazi mbili akatazama. Hakuna mkanda ulioshikwa. Hakuna mkono ulioshika kitu. Chini ya lundo Dakta Mshamu alikuwa akitafuta miwani yake.

"Mama," akaguna, mtumishi wa umma mpaka dakika ya mwisho, "tamka."

"Picha yangu imekufa," akasema Bi. Tausi, na safari hii haikumkwama hata kidogo, "na sina kinyongo."

"Baraza limepokea."

"Pole sana, mama," sauti mbili tatu zikaitikia kutoka ndani ya lundo.

Kwa hiyo alikuwa huru, tena kisheria. Akamshika mzee wake mkono, wakatoka kwa nyuma, mahali ambapo hapakuwa na wa kuwazuia. Walifuata uchochoro wakiwa kimya. Mzee Shebe alikuwa akiukunjua mkono wake na kuukunja, mara akacheka, akasema chumba cha giza kimejaa kuku, itabidi wahamishwe kwanza. Bi. Tausi naye akacheka, na safari hii hapakuwa na wa kumwambia kwamba msibani hakuchekwi. Kona ya pili ingewatoa kwenye barabara ya nyumbani.

Ndipo aliposikia sauti nyuma yake, sauti ya ofisa mnene, ya upole, ya kuhema. "Dada yangu, wewe mwenye mahindi, samahani. Hebu nishike hapa kidogo."

Na sauti ya mwanamke, ya mtu aliyelelewa vizuri, ikajibu, "Wapi, hapa?"

Bi. Tausi akasimama.

"Wameinuka?" Mzee Shebe akauliza.

"Wanainuka."

Mzee alipapasa ukuta, akapata jiwe, akaketi, akaweka kikapu chake mapajani. "Filamu imebaki?"

"Imebaki."

"Haya," akasema, akamwachia mkono. "Usikawie."